Picha Linaanza: Namna ya Kuwatungia Wachezaji na Makocha Filamu za Utani

Kibanda umiza ninachoangalia mpira, pale Magomeni, Mtwara mjini, kina televisheni mbili. Ya mbele ni ya mpira. Ya nyuma, ng'ambo ya turubai, ni ya picha za Kichina zilizotiwa maneno ya Kiswahili. Usiku mmoja wa Ligi ya Mabingwa spika ya mbele ikafa. Mwenye banda akaona watu watadai kiingilio chao, akaigeuza spika ya nyuma ituelekee sisi, angalau banda lisiwe kimya kama msibani. Basi kwenye kioo tunamwona Carlo Ancelotti kasimama ukingoni mwa uwanja, mikono mfukoni, nyusi ya kushoto juu. Kwenye spika mtia maneno anaunguruma: "Hapa sasa adui mkubwa anajiuliza, ni nani amekula wali wake?"

Banda lililipuka. Mzee mmoja alijimwagia kahawa mapajani na wala hakushtuka.

Sasa angalia kilichotokea pale. Ancelotti hakuvalishwa kofia ya jambazi wala hakupewa bastola. Alifanya kile anachofanya siku zote, na akiwa hivyo hivyo amebeba Ligi ya Mabingwa mara tano kama kocha. Kilichobadilika ni picha aliyoingizwa. Mwongozo huu wote umesimama hapo: mtu wako muache alivyo, mhamishie dunia nyingine. Wengi wanaanza kinyume. Wanamchukua Messi wanamfanya mlevi wa kutukana watu, halafu wanashangaa kundi zima la WhatsApp limenyamaza, mpaka mtu mmoja anaweka kidole gumba kwa huruma.

Wala si elimu ngeni huku kusini. Kwenye ngoma ya mapiko ya Wamakonde, anayevaa kinyago anamwiga mtu ambaye kila aliyesimama pale anamjua kwa aina yake: mzee wa kijiji, bibi mwenye ndonya (kipande cha mti) mdomoni, Mzungu wa enzi za ukoloni. Mchongaji hahangaiki na sura nzima. Anachukua ndevu, au mdomo, au chale, anakikuza hicho kimoja, na mchezaji anakimalizia kwa mwendo. Wewe utafanya hivyo hivyo, isipokuwa badala ya mti una simu na daftari.

Kamera huhitaji. Kuna watu wanaotaka kuigiza na kupiga picha kweli kweli, hao nawatakia heri na betri. Mimi nazungumzia kutunga: kuifikiria filamu, kuiandika ikatosha kwenye ukurasa mmoja au ujumbe wa sauti wa dakika mbili, watu wakaiona vichwani mwao.

Hatua ya kwanza: zima sauti, andika vitenzi

Angalia mechi au vipande vya mechi bila sauti. Mtangazaji akinyamaza ndipo miili inaanza kusema. Kwenye daftari andika mtu huyu *anafanya* nini. Usiandike *yukoje*. Ukiandika "Wenger ni mpole" huna kitu. Ukiandika "Wenger anapigana na zipu" tayari una filamu.

Arsène Wenger alikaa Arsenal kuanzia 1996 hadi 2018, miaka 22, akachukua ubingwa wa ligi mara tatu, mmoja bila kufungwa hata mechi moja. Lakini koti lake refu la baridi lilimshinda. Dunia nzima ilimtazama akiinama kutafuta ile ncha ya zipu wakati timu inashambuliwa. Hicho ndicho kitenzi chake: *kuhangaika na zipu*.

Kocha Marcelo Bielsa, alipokuwa Leeds ya Uingereza, alikuwa na viti vya benchi vilivyotulia kama vya ofisi ya mkurugenzi, na yeye akakalia ndoo. Kitenzi: *kukalia ndoo*. N'Golo Kanté, kiungo wa Ufaransa: *kutokea*. Uko na mpira, unageuka, katokea. Unampa mwenzako, naye huyo huyo katokea. Neymar kwenye Kombe la Dunia la 2018 kule Urusi: *kubiringika*. Luis Suárez huna haja ya kuambiwa. Tarehe 24 Juni 2014 alimng'ata Giorgio Chiellini begani, akafungiwa mechi tisa za timu ya taifa na miezi minne nje ya mpira wote, na hakuwa mtu wake wa kwanza.

Na babu yao wote ni Mwepu Ilunga wa Zaire (Kongo ya leo). Tarehe 22 Juni 1974, kwenye Kombe la Dunia, Wabrazili wana mpira wa adhabu, wanajipanga, refa anapuliza filimbi. Kabla Mbrazili hajagusa, Mwepu anachomoka kwenye ukuta na kuubutua mpira mwenyewe mpaka huko. Akapewa kadi ya njano. Kitenzi chake hakina mfano: *kuanza kabla*.

Jipime hivi: simama mbele ya rafiki yako, fanya kitendo hicho bila kutaja jina. Akijibu kabla hujamaliza, mtu wako amefaa. Akikuuliza "unaumwa?", tafuta mwingine.

Hatua ya pili: chagua aina ya picha, kisha andika sheria zake

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo ucheshi ulipolala. Kila aina ya picha ina sheria ambazo sisi tuliokulia kwenye mabanda tunazijua kuliko za barabarani. Steringi hafi. Adui akimkamata steringi hamuui papo hapo, anamhutubia kwanza. Kwenye picha la Kihindi mapenzi yakianza tu mvua inanyesha, hata kama ni kiangazi. Kwenye picha la Kichina mwanafunzi hafundishwi ngumi mpaka kwanza akachote maji bondeni mwezi mzima. Kwenye la kivita helikopta inafika wakati risasi zimeisha. Kwenye filamu zetu za nyumbani mtu akiangalia dirishani ujue anakumbuka kijijini.

Andika sheria tatu au nne za aina uliyochagua. Halafu chukua kitenzi cha hatua ya kwanza, uangalie kinagombana na sheria ipi. Ugomvi huo ndio picha lako.

Bielsa ni mwalimu wa kung fu mlimani. Mwanafunzi katembea siku saba kuja kujifunza. Sheria inasema akachote maji kwanza. Anatafuta ndoo. Ndoo iko moja tu, na imekaliwa na mwalimu, anayetazama bonde kwa makini tangu alfajiri. Mwanafunzi anaona haya kumwambia anyanyuke. Jua linatua. Linachomoza. Mwanafunzi anaota ndevu. Hilo tu, na linaenda dakika tisini.

Wenger ni steringi wa Kihindi. Mapenzi yameiva, mvua inashuka, mwanamwali anatetemeka. Sheria inamtaka avue koti amfunike. Unaona mwenyewe linakoelekea.

Sasa ogopa kitenzi kinachopatana na sheria. Kocha Diego Simeone na suti yake nyeusi ukimweka kwenye picha la majambazi, watu watacheka mara moja na kuishia hapo, kwa sababu huko anaonekana yuko nyumbani. Simeone mpeleke akafundishe chekechea. Zile ishara anazowafanyia mashabiki wapige kelele zaidi, hebu azifanye saa ya watoto kulala.

Hatua ya tatu: ihamishie unakopajua

Ukimwacha mtu wako kwenye jumba la kifahari la Ulaya, wewe na msomaji wako wote mnabahatisha. Mlete mahali ambapo unajua harufu yake.

Nilipotaka kumtungia Suárez, kwanza nilimweka kwenye picha la mazimwi, likawa picha la mtu mwingine yeyote. Nikamleta Tandahimba msimu wa korosho. Wenye chama cha msingi wanatafuta mpima ubora. Kazi yenyewe kwa kawaida ni kuchukua sampuli ya korosho ghafi, kuzikata kwa kisu na kuangalia ndani kama kiini ni kizuri. Suárez anafika, anasema kwa ishara kwamba kisu hahitaji. Sisi wa kusini tunaanza kucheka kabla hajafungua mdomo, maana tunajua kilichomo kwenye ganda la korosho: mafuta yanayobabua ngozi kama maji ya betri. Anang'ata. Kimya. Kamera inaenda kwa mama anayebangua korosho pembeni, anatikisa kichwa, anarudi kwenye kazi yake. Mwisho wa picha kamati inakaa na kumfungia: miezi minne haruhusiwi kusogelea ghala.

Uwanja wetu wenyewe nao una picha ndani yake. Pale Mtwara, Ndanda walipokuwa Ligi Kuu, walicheza uwanja unaoitwa Nangwanda Sijaona. Nitungie picha la mahakamani. Shahidi ni refa. Wakili: "Siku ya tukio ulikuwa wapi?" Refa: "Nangwanda." Wakili: "Na ile penalti?" Refa: "Sijaona." Hakimu anamtaka aache kutaja jina la uwanja na ajibu swali. Refa anaapa kwamba amejibu. Hili ukilipeleka Arusha utalieleza nusu saa, hapa halihitaji maelezo.

Hatua ya nne: gawa nafasi

Steringi, adui, mzee wa busara, msaliti, na yule rafiki wa steringi ambaye sote tunajua atakufa. Wasizidi sita. Adui bora si mchezaji wa timu pinzani; adui bora ni kitu, kama zipu, baridi, au VAR, ile video ya kumsaidia refa. Timu pinzani ikiwa adui, nusu ya wasomaji wako wameshanuna kabla picha halijaanza.

Hatua ya tano: jenga matukio, kila mtu aharibu kwa kitenzi chake

Hapa nitakaa kidogo na picha moja, nililolitunga Lindi nikisubiri basi, na ambalo mpaka leo ninalirekebisha. Linaitwa *Mjusi Arudi*.

Wenyeji wa Lindi hawahitaji utangulizi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale Tendaguru mifupa ya mijusi wakubwa wa kale. Wapagazi wa huku huku waliibeba vichwani, mzigo kwa mzigo, kilomita kama 60 mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa meli. Leo mjusi mmoja amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, urefu wake kwenda juu mita 13.27, na sisi tumebaki na mashimo na habari. Kwa hiyo njama ya picha iko tayari: kikosi kinakwenda Berlin kumrudisha. Hilo ni picha la wizi, ingawa Lindi wanabisha kuliita wizi.

Picha la wizi lina sheria nne: mpango mezani, kila mtu na ufundi wake, ishara moja ya kuanza, na kitu kimoja kinachoharibika. Kwangu vinaharibika vyote.

Mkuu wa mpango ni Ancelotti. Ramani iko mezani, taa inaning'inia, hasemi neno. Makubaliano ni haya: nyusi yake ikipanda, tunaingia. Mkutano unavunjika, watu wanafunga mabegi, na mmoja anamgusa mwenzake taratibu: mbona nyusi iko juu tangu tulipokaa?

Kwenye mlango wa mbele anawekwa Neymar, kazi yake kuwavuta walinzi. Mtalii mmoja anampita kwa umbali wa mita mbili na upepo wa koti lake unamgusa. Anabiringika ngazi zote, anavuka barabara, anaingia kwenye bustani, walinzi wote mbio nyuma yake na machela. Hadi hapo mpango unakwenda vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Shida ni kwamba hasimami, na yeye ndiye mwenye funguo za gari.

Mlango wa nyuma ni wa chuma na umefungwa. Kikosi kina mtu mmoja aliyewahi kuondoka Berlin mapema, naye ni Zinedine Zidane, ambaye tarehe 9 Julai 2006 fainali ya Kombe la Dunia ilikuwa dakika ya 110 alipotolewa kwa kadi nyekundu baada ya kumpiga mpinzani kichwa kifuani. Wote wanatazama mlango. Wanamtazama Zidane. Anarudi hatua mbili nyuma. Tukio hilo linaishia hapo, kinachofuata ni mlango uko chini. Kichwa chenyewe sikukionyesha, na ninakushauri ujifunze kuacha: kitu ambacho msomaji amekiona mara elfu, muachie akimalizie.

Ndani, Mwepu ameambiwa asubiri mpaka king'ora kizimwe. Nadhani unajua alichofanya.

Kanté anabeba mifupa. Huyu ndiye pekee anayeifanya kazi yake bila kosa, na kila picha la utani linahitaji mmoja wa namna hiyo, la sivyo vurugu zinakosa kipimo. Wenzake wanahangaika kunyanyua paja la mjusi. Wakigeuka, mbavu zote hazipo. Kanté ameshafika Lindi, ameshusha, amerudi, anatabasamu kama anayeomba radhi kwa kuchelewa.

Mifupa midogo inaingia kwenye begi moja kubwa la safari. Begi linafungwa kwa zipu. Kwenye kikosi hiki chenye watu sita, begi amekabidhiwa Wenger.

(Bielsa nilimtaka sana. Nilimwona akipanda juu ya ndoo yake kukifikia kichwa cha mjusi kilicho mita 13 juu. Nilicheka peke yangu stendi mpaka watu wakasogea. Lakini angekuwa wa saba, na niliona picha linaanza kuwa gulio. Nikamtoa.)

Sasa mwisho. Mjusi ametoka. Miguu nje, mwili nje, shingo nje, kikosi kimeanza kukumbatiana. Kengele inalia: VAR. Kila mtu anasimama na mikono kiunoni. Dakika ya kwanza. Ya tatu. Ya tano. Mlinzi mmoja wa makumbusho anachora mistari kwenye kioo. Sheria inajulikana: ili kuhesabika, chote kiwe kimevuka mstari wote. Na mkia wa mjusi ni mrefu. Ncha ya mkia, sentimita chache, bado iko ndani. Imekataliwa. Mjusi anarudishwa.

Ukitaka kujua kwa nini picha hili linasimama, litazame kinyumenyume. Hakuna hata mmoja aliyefanya kitu asichowahi kukifanya uwanjani. Na lililowaumiza watu wa Lindi miaka yote halijachezewa. Mjusi bado ni wao. Ukitumia jambo linalouma la mahali kama fremu ya mzaha, hakikisha mzaha unawapiga walioshindwa kulirudisha. Wanaolidai usiwaguse.

Hatua ya sita: usiwape watu halisi maneno

Utaona kwenye *Mjusi Arudi* mastaa hawasemi. Si bahati mbaya. Miaka michache nyuma nilimtungia kocha mmoja wa ligi yetu picha la mganga wa kienyeji, nikamwekea sentensi moja tu ya mzaha kuhusu kipa wake. Kesho yake asubuhi sentensi ile imekatwa, imebandikwa picha ya kocha, alama za kunukuu kushoto na kulia, inazunguka kama kauli yake ya baada ya mechi. Jioni ikanirudia mwenyewe kutoka kwa shemeji yangu wa Masasi, kaongeza: "Huyu kocha hana adabu." Nilifuta ya kwangu, lakini zile nyingine zilishasambaa kama punje za mchele uliomwagika.

Tangu hapo wanaosema kwenye picha zangu ni watu wa kubuni: mlinzi, muuza maji, hakimu, mama wa korosho. Staa anatenda, wengine wanashangaa. Na picha limenoga zaidi, maana mtu aliyekaa kimya huku kila kitu kinaporomoka anachekesha kuliko anayechonga. Tena juu kabisa, mstari wa kwanza, andika wazi kwamba ni picha la kubuni. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa habari za uongo, na hakuna utani mtamu kiasi cha kwenda kuueleza mezani kwa mpelelezi.

Hayo hayo kwa picha za kutengeneza na sauti za kuigiza za kompyuta. Chora mwenyewe. Mchoro mbaya wa mtu na zipu unatosha, na hakuna atakayeuchukulia kuwa ni kweli.

Hatua ya saba: kaa ndani ya utani

Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi, na neno mtani lina uzito. Mtani anakuja msibani kwako kukutania ili ule. Haji kukuvua nguo. Kitendo cha uwanjani ni halali yako: alivyoanguka, alivyokosa, alivyofunga zipu. Rangi yake, dini yake, mke wake, maradhi yake, jeraha lililommalizia mpira wake, hivyo si vyako. Umbo la mwili nalo liache, hata kama jukwaa zima linalicheka.

Na chunguza kabla hujacheka. Mimi Mwepu nilimcheka miaka mingi kama mtu asiyejua mpira. Baadaye nikasikia alivyoeleza mwenyewe: kanuni alizijua vizuri, alifanya makusudi, kwa uchungu wa pesa ambazo wachezaji hawakulipwa huku wakubwa wakikaa jukwaani. Bado namweka kwenye picha, bado anaanza kabla. Lakini simwandiki tena kama mjinga. Sasa kwenye *Mjusi Arudi* anaangalia saa, anamwangalia mkuu wa mpango, anaona posho haijatajwa, ndipo anachomoka. Kicheko kimebaki, na sasa ni mwenye bahasha anayechekwa.

Hatua ya nane: jina na tangazo

Jina liwe maneno mawili au matatu, lisikike kama limeandikwa kwa mkaa kwenye ubao wa banda. *Ndoo ya Mwalimu. Shahidi wa Nangwanda. Mpima Ubora.* Wakati mwingine timu yenyewe imeshakutungia: Namungo ya Ruangwa wanajiita Wauaji wa Kusini. Hapo unaongeza nini? Andika saa ya kuanza na kiingilio.

Hatua ya tisa: lipeleke kijiweni kabla ya mtandaoni

Mtandaoni watu wanacheka kwa vidole huku nyuso zimekunjamana. Kijiweni huwezi kudanganywa. Simulia picha lako kwa sauti, dakika mbili, usisome. Wakicheka pale ulipotegemea, sawa. Wakicheka mahali ambapo hukutegemea, ongeza hapo. Wakiuliza "halafu?", umepata. Wakianza kuzungumzia bei ya mafuta, kata.

*Mjusi Arudi* nililisimulia kwa mara ya kwanza kwa babu anayeuza kahawa karibu na stendi ya Lindi, na vijana watatu wa bodaboda waliokuwa wanasubiri abiria. Kwa Neymar walicheka. Kwa Wenger hakucheka mtu, nikagundua vijana wale ni wa juzi, koti lile hawakulikuta. Siku hizi nikiwa na vijana namweka zipuni kwa maneno mawili ya ziada. Kwenye VAR walipiga kelele kama wameonewa wao.

Babu hakucheka. Alinimiminia kikombe, akanyamaza, akauliza:

"Mjukuu, huo mkia uliobaki ndani ni kiasi gani?"

"Kidogo tu, babu. Kama kidole."

"Na mlango umeshavunjwa?"

"Umevunjwa, babu. Kwa kichwa."

Akawageukia wale wa bodaboda. "Sasa hawa vijana wako wanasubiri mistari ya nini? Si wamrudie yule mfupi, akavute."

Sehemu ya pili ninaiandika sasa. Kanté ndiye steringi.